AVEC yako ina nguvu wapi, na itavunjikia wapi?

Ukiuliza wanachama wa AVEC (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) yoyote ya Baraka, Mboko au Fizi, huku Kivu Kusini, nguvu ya kikundi chao iko wapi, wengi watakuonyesha sanduku la chuma na kufuli zake tatu. Kufuli zinasaidia. Lakini kinachomwezesha mama muuza ndagala kukopa bila hati ya shamba wala barua ya mshahara ni kwamba wenzake wanamjua: anakaa wapi, anauza nini, na mwaka jana alilipa vipi. Na hapohapo ndipo ufa huanzia. Anayekujua ni shemeji yako, ni mke wa pasta wako, ni jirani aliyekusaidia siku ya msiba. Akija kuomba mkopo wa pili kabla hajamaliza wa kwanza, nani atainua mkono kusema hapana?

Kwa hiyo, kabla ya kununua hisa ya kwanza ya mzunguko mpya, kikundi kijichunguze. Miezi ya kwanza sanduku huwa jepesi na watu huwa wapole. Matatizo huja mwishoni, pesa zikiwa nyingi.

Babu zetu walikuwa na likelemba, na bado tunayo: kila mtu anatoa, mmoja anachukua zote, zamu inazunguka. Uzuri wake ni kwamba pesa hailali popote, basi hakuna cha kuibwa. Ubaya wake ni kwamba mtoto akiugua wiki ambayo si zamu yako, likelemba haikufai kitu, na aliyechukua wa kwanza anaweza kupotea. Mfumo wa AVEC ulianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini. Wanachama 15 hadi 25 hununua hisa kila mkutano, kuanzia moja hadi tano, wanakopeshana, wana mfuko wa msaada kwa ugonjwa na kifo, na baada ya miezi 9 hadi 12 wanagawana kila kitu. Udhaifu wa likelemba umezibwa, lakini sasa pesa inalala mahali.

Anza na watu. Kamati ina watu watano: prezida, sekreteri, mtunza sanduku na wahesabu pesa wawili. Wenye funguo ni watatu wengine, nje ya kamati, na wasitoke katika nyumba moja wala ukoo mmoja. Halafu jiulizeni: sekreteri akisafiri kwenda Uvira, nani ataandika? Kikundi kinachomtegemea mtu mmoja anayejua kalamu kiko mikononi mwake, hata akiwa mwaminifu. Mpeni msaidizi tangu siku ya kwanza. Na msiwadharau mama wasiojua kusoma. Desturi ya kutangaza salio kwa sauti mwisho wa mkutano, wote wakalikariri na kulirudia mkutano unaofuata kabla sanduku halijafunguliwa, inawategemea wao hasa. Mtu aliyezoea kukumbuka madeni kichwani ni vigumu kumdanganya kwa karatasi.

Jambo la pili vikundi vingi hulisahau, nami naona ndilo linaloumiza zaidi kandokando ya ziwa Tanganyika. Hesabuni kazi za wanachama. Kama 20 kati ya 25 wanaishi kwa samaki, kikundi kinaonekana imara kwa sababu wote wanaelewana na wote wana pesa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba pia wote wanakosa wakati mmoja. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mweupe hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi inapumzika. Mkiweka tarehe ya kulipa deni wiki hiyo, mmewapangia wenzenu kushindwa. Tena nchi nne zinazopakana na ziwa hilo zilikubaliana kufunga uvuvi kila mwaka kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Deni kubwa la muuza samaki linatakiwa liwe limekwisha kabla ya Mei. Ingizeni wanachama wa kazi nyingine: mshonaji, mwalimu, mkulima wa maharagwe, muuza mafuta ya mawese. Atakayebaki na pesa mwezi wa Juni ndiye atakayewashika wengine.

Mkopo nao uangaliwe unafaa kazi gani. Tuseme mmepatana faida ya asilimia 10 kwa mwezi. Anayekopa franka 60,000 akanunua bidhaa na kuizungusha kila wiki anaweza kurudisha 66,000 mwisho wa mwezi na kubaki na chake. Anayekopa kiasi hichohicho kupanda mihogo atangoja karibu mwaka mzima. Kwa miezi 12 faida peke yake ingefika 72,000, kupita mkopo wenyewe. Ndiyo maana mkopo wa AVEC kwa kawaida hauzidi miezi mitatu, wala hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Shamba la mihogo lisubiri pesa ya mgawo. Mkigawana mwisho wa Agosti, pesa inakuta mvua za Septemba na kufunguliwa kwa shule. Mkigawana karibu na Noeli, nyingi itaishia kwenye nguo na nyama.

Pesa yenyewe ina tabia zake. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa kama franka 930. 2017 ilipokaribia kwisha, ilikuwa kama 1,600. Aliyefungia franka 93,000 ndani ya sanduku, sawa na dola 100, mwisho wake angenunua dola 58 tu. Dola inahifadhi thamani vizuri zaidi, ila noti yake ni dhaifu kuliko ya franka: ikichanika kidogo pembeni, sokoni wanaikataa, wakati franka iliyochakaa bado inanunua unga wa bukari. Wanachama wadogo wanunue hisa kwa franka, kisha kamati ibadilishe kwa dola kila pesa ikijaa, mbele ya wote, bei ya siku hiyo ikiandikwa kitabuni. Noti zikae kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Halafu kuna kukimbia. Fizi inajua. Mwaka 1996 na tena 1998 watu walikimbia vita, wakavuka ziwa kwenda Kigoma na kambi ya Nyarugusu wakiwa na walichoweza kubeba, na sanduku la chuma si kitu cha kubeba ukiwa na watoto. Kinga kubwa kuliko kufuli ni sanduku kuwa karibu tupu: pesa iwe mikononi mwa wakopaji, ikifanya kazi. Vitabu vya wanachama hufungiwa sandukuni ili mtu asijiongezee mihuri ya hisa nyumbani, na ni sawa, lakini likipotea sanduku, ushahidi wote umepotea. Basi kila mkutano watu wawili wanaoaminika wapige picha ya kurasa kwa simu. Mkubaliane mapema pia ni nani ana haki ya kuamua mgawo wa dharura kabla ya mzunguko kwisha, na kwa kura ngapi.

Turudi kwa yule shemeji anayeomba mkopo wa pili. Kura ya mkopo, hasa ya ndugu, ifanywe kwa siri, kwa mawe au punje za mahindi ndani ya kikopo, ili kumnyima mtu mkopo kusigeuke ugomvi wa ukoo. Bei ya hisa iamuliwe mwisho, mkishajua hayo yote: hisa moja iwe kiasi ambacho mwanachama mwenye kipato kidogo kuliko wote anakiweza katika wiki yake mbaya, ile ya mwezi mweupe. Mwenye uwezo atanunua tano.