KAMBI YA MUZIKI: MTOTO AKIRUDI, TUFANYE NINI?



Likizo ya Agosti ikikaribia, mzazi hapa Thika aweza kusimama mkutanoni aseme: "Mtoto wangu ameitwa kambi ya muziki. Pesa nitatoa wapi?" Kabla hatujafungua sanduku, tujifunze kambi hiyo inamsaidiaje kijana.

Kambi ni nini?
Ni siku kadhaa ambazo vijana hulala, hula na kupiga muziki mahali pamoja. Kule Marekani, kambi ya Interlochen ilianza mwaka 1928, nayo hufanyika wakati wa kiangazi chao. Sisi Kenya hutumia likizo za shule.

Kijana anapata nini?
1. Mazoezi ya mfululizo. Kwaya ya Jumamosi hukutana masaa mawili, halafu wiki nzima mtu anasahau. Kambini, kosa la asubuhi hurekebishwa jioni.
2. Kusikiliza. Aliyekuwa hodari peke yake kwao hukutana na hodari wengine. Anajifunza kuhesabu mapigo akiwa kimya, na kupunguza sauti ili mwenzake asikike.
3. Kusoma muziki. Kwaya zetu nyingi huimba kwa do-re-mi. Fidla na tarumbeta husomewa nota za mistari mitano. Anayejua zote mbili ana mlango mpana zaidi.

Shida iko wapi?
Kijana anarudi nyumbani, lakini chombo alichoazimwa kinabaki kambini. Asipopata kingine, vidole vinasahau na moyo unavunjika. Hapo jasho la kikundi limepotea bure.

Tuone mfano wa Korogocho, Nairobi. Mradi wa Ghetto Classics ulianza mwaka 2008 katika Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane. Pale watoto hawangojei likizo: hujifunza wakati wa masomo pia, na waliotangulia hufundisha wadogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kabla ya kutoa pesa, tukubaliane:
- Mzazi atatoa sehemu gani, hata kama ni ndogo?
- Ni kwaya au shule gani itamwazima kijana chombo akirudi?
- Ni siku gani atawafundisha watoto wengine yale aliyojifunza?

Maswali ya kujadiliana
1. Kijijini kwetu kuna vyombo gani vya muziki vinavyokaa tu bila kutumika? Nani ana ufunguo?
2. Wasichana wetu nao wanapewa muda wa mazoezi, ama kazi za nyumbani zinaumaliza?
3. Tukimsaidia mtoto mmoja mwaka huu, wangapi watafaidika mwaka ujao?