Kusema Mbele ya Watu

Wengi wetu huku Kawetele twajua kuzungumza vema nyumbani, bali tukisimama mbele ya mkutano ulimi hukauka. Hasara yake si aibu tu. Maana neno la haki laweza kupotea barazani kwa kuwa mwenye kulijua alinyamaza.

Woga huo si upumbavu. Musa naye alitoa udhuru ya kuwa ulimi wake ni mzito. Akapewa Haruni amsaidie, lakini kazi hakuondolewa. Tena tumtazame Julius Nyerere, aliyesimama New York mwezi wa Machi 1955 mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiitetea Tanganyika. Kabla ya siku ile alikuwa amefundisha shule za Tabora na Pugu. Na mwalimu husema mbele ya watu kila siku. Basi, mazoezi hutangulia ujasiri.

Yatupasa kufanya nini?

1. Tuchague neno moja kuu. Asiyejua aendako huwachosha wafuasi wake.

2. Tuliseme kwa sauti kwanza, hata migombani tukiwa peke yetu.

3. Tumwangalie aketiye nyuma kabisa. Akisikia yeye, wote wamesikia.

4. Mvua ikipiga mabati, tusishindane nayo, tungoje ipungue.

5. Neno likiisha, tuketi.

Na wiki hii kila mmoja ajaribu kusema dakika tatu mbele ya jamaa zake, kisha awaulize: Mmeshika nini?