Ada ni Amana, Matumizi ni Hesabu: Namna ya Kufikisha Mwezi Bila Deni



Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake.

Ndugu yangu mwanafunzi, mada yetu ya leo inahusu jambo tunaloliona kila muhula hapa Kampala na Mbale. Wiki ya kwanza mwanafunzi anakula kuku na chipsi, anapanda bodaboda hata kwa mwendo wa dakika 10. Wiki ya tatu anaanza kukopa. Ikifika wiki ya mitihani, ada haijakamilika, naye hana ruhusa ya kuingia katika chumba cha mtihani. Mzazi kijijini ameuza ng'ombe au gunia za kahawa, na pesa imeyeyuka. Tunapaswa kuliangalia jambo hili kwa jicho la dini kwanza, kisha kwa kalamu na karatasi.

1. Dini yetu inasemaje?

Katika Sura Al-Furqaan, aya ya 67, Allah anawasifu waja Wake ambao wanapotoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali wanakaa katikati. Katika Sura Al-Israa, aya ya 27, wabadhirifu wametajwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa siku ya Kiyama mja ataulizwa kuhusu mali yake maswali mawili: aliichuma wapi na aliitumia katika nini.

Wapo wanaodhani kuweka akiba ni kukosa kumtegemea Allah. Hilo si sahihi. Nabii Yusuf (a.s.) aliwaelekeza watu wa Misri walime miaka 7, wakiache walichovuna katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, ili wajiandae kwa miaka 7 ya shida (Sura Yusuf, aya 47-48). Pia imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Hakuna aliyemtegemea Allah kuliko yeye, na bado aliweka.

2. Tenga ada na matumizi

Pesa aliyokupa mzazi kwa ajili ya ada ni amana. Hukupewa uitumie kisha uitafute baadaye. Allah ametuamrisha tuzifikishe amana kwa wenyewe (Sura An-Nisaa, aya 58), na mwenye haki ya ada ni chuo. Basi siku pesa inapoingia, ilipe benki siku hiyo hiyo au kesho yake, na stakabadhi mtumie mzazi. Ukiiacha kwenye simu, kila haja ndogo itakuja kuipunguza. Na anayeipeleka kwenye kubashiri mechi akitumaini itazaa amekusanya makosa mawili: kamari, ambayo imeharamishwa katika Sura Al-Maaida, aya 90, na khiyana ya amana.

3. Andika bajeti kabla ya kutumia

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayepanga chumba na mwenzake, na anapata shilingi 300,000 za Uganda kwa mwezi. Anaweza kuzigawa hivi:

- Kodi (nusu ya chumba): 100,000
- Chakula: 110,000
- Usafiri: 20,000
- Bando na simu: 20,000
- Nakala na vifaa vya masomo: 15,000
- Sabuni na mahitaji madogo: 15,000
- Akiba: 15,000
- Sadaka: 5,000

Jumla ni 300,000. Wewe huenda ukawa na zaidi au pungufu. Badilisha tarakimu, lakini usibadilishe utaratibu. Akiba na sadaka zitoe siku ya kwanza. Anayesubiri kuweka kitakachobaki, mara nyingi hakuti kitu.

Sasa angalia fungu la chakula, maana hapo ndipo wengi tunapoanguka. Wengi hugawa kwa wiki 4, wakasahau kuwa wiki 4 ni siku 28 tu, na mwezi una siku 30 au 31. Ukitumia 110,000 zote ndani ya siku 28, siku za mwisho utakula kwa jirani. Jipangie 25,000 kwa wiki, yaani 100,000, na 10,000 inayobaki iwe ya zile siku za mwisho.

4. Ziba matundu madogo

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza. Mtu anayetumia shilingi 2,000 kila siku kwa soda au bodaboda isiyo ya lazima, kwa mwezi amepoteza 60,000. Hiyo ni mara 4 ya akiba ya mwanafunzi wa mfano wetu.

Pikeni pamoja. Unga, mchele na maharage mkinunua kwa wingi sokoni bei inashuka, na mkaa wa sufuria moja unatosha watu wawili. Rolex ya njiani iwe ya siku yenye dharura, isiwe chakula cha kila usiku. Punguza pia kutoa pesa kidogo kidogo kwa wakala wa simu. Kila unapotoa unalipa ada ya kampuni na kodi ya serikali ya asilimia 0.5. Kutoa 10,000 mara 5 kunakugharimu zaidi kuliko kutoa 50,000 mara moja.

Kwa ndugu zetu waliooa wakiwa bado masomoni, bajeti hii ikaeni muiandike pamoja mume na mke. Mke asiyejua kilichomo mfukoni atalaumiwa bure kwa kuomba kisichokuwapo.

5. Jihadhari na deni na riba

Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na deni. Mikopo ya simu inapatikana kwa dakika moja, lakini ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, hata ikipewa jina jingine. Ukibanwa, mkope ndugu yako mkopo mwema, kisha muandike kiasi na tarehe, kama tulivyoelekezwa katika Sura Al-Baqara, aya 282.

Kwa upande wa akiba, soma masharti kabla ya kubonyeza, maana akaunti nyingine za simu huongeza riba. Uganda ilibadilisha sheria mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na leseni ya kwanza ikatolewa mwaka 2023. Upatu pia ni njia nzuri: watu 6 mkitoa 15,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wenu anapokea 90,000. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameuruhusu maadamu kila mtu anapokea kile kile alichotoa, bila nyongeza. Chagueni waaminifu, na anayepokea mapema asikimbie.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Kuna tofauti gani kati ya kutawakal na kutojiandaa?
2. Andika matumizi yako ya siku 7 zilizopita. Ni yapi ungeona haya mzazi wako akiyasoma?
3. Je, sisi wa hosteli moja tunaweza kuanzisha mfuko wa mkopo mwema kwa mwenzetu anayepungukiwa ada? Nani ataushika, na kwa masharti gani?

Tunamuomba Allah atutosheleze kwa halali Yake tusihitaji haramu, awalipe kheri wazazi wetu kwa jasho lao, na atujaalie tuwe waaminifu kwa kila kilichowekwa mikononi mwetu. Aamin.