Shule ya Chekechea Ipatanayo na Mahali Pake

Katika sehemu nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki, shule ya chekechea hujengwa kwa kuta nyembamba za saruji na paa la mabati lisilo na dari. Jua linapowaka, joto la bati huwashukia watoto vichwani. Mvua inaponyesha, sauti ya mwalimu haisikiki. Ilhali nyumba za mawe za Lamu na Unguja zinayo elimu ya kale ya kukabili hali hiyo.

Nyumba hizo hupoa kwa sababu tatu. Kuta za matumbawe na chokaa, zenye unene wa yapata nusu mita, hupokea joto polepole. Weupe wa chokaa huurudisha mwanga wa jua. Ua wa ndani nao hupitisha hewa na kuleta mwanga.

Hata hivyo, urithi usiigwe bila kupimwa. Boriti za mikoko kwa kawaida hazivuki nafasi ipitayo mita 3, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba. Darasa la watoto 30 halienei humo. Makuti hupoza vizuri, lakini hushika moto upesi. Basi ichukuliwe kanuni, si sura.

Kanuni ya kwanza ni mwelekeo. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta fupi tu. Madirisha yakabiliane, upepo wa kusi na wa kaskazi upite darasani.

Ya pili ni kipimo cha mtoto. Mtoto wa miaka 5 ana kimo cha mita 1 na kidogo. Dirisha lianzie sentimita 50 kutoka sakafuni, apate kuuona ua na kupata upepo akiwa ameketi. Baraza ya sentimita 30, chini ya upenu, itafaa kwa hadithi na chakula.

Ya tatu ni ardhi. Mwembe uliopo usikatwe, bali ua uwekwe kivulini mwake. Maji ya paa yakingwe: kila milimita ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 100 hupokea lita 100,000 kwa mvua ya milimita 1,000, ingawa kiasi fulani hupotea.

Kabla ya kuchora ramani, mafundi na wazee wa mahali waulizwe upepo huingilia wapi, na maji ya masika hutuama wapi. Majibu yao hayagharimu kitu. Kuyapuuza hugharimu jengo zima.