Toleo Maalumu la Filamu na Michezo: Ndani ya Kasha Kuna Nini?

Mlaji anayelipa ada ya mwezi ili kutazama filamu mtandaoni anayo sababu ya kujiuliza iwapo inafaa kutoa fedha nyingi zaidi kwa kasha moja lenye diski, kitabu cha picha na kisanamu cha mezani. Bidhaa hizo huitwa matoleo maalumu, au matoleo ya wakusanyaji. Katika somo hili tunaeleza mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa, kwa kuwa kasha zuri si lazima liwe na kile ambacho mnunuzi anadhani amekinunua.

Tuanze na mtandao wenyewe. Anayelipa ada ya mwezi hanunui filamu bali ruhusa ya kuitazama, na wengi wanalifahamu hilo. Jambo linalowashangaza walaji ni kwamba hata aliyebonyeza neno “nunua” kwa kawaida amepewa leseni tu. Mwishoni mwa mwaka 2023, kampuni ya Sony iliwatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvilipia vingeondolewa katika maktaba zao tarehe 31 Desemba, kwa sababu ya mikataba ya leseni. Baadaye mkataba ulirekebishwa na wateja wakaahidiwa kuendelea kuvipata kwa angalau miezi 30. Tunaomba msomaji aitafakari ahadi hiyo: kitu kilichouzwa kama mali kimepewa muda wa miezi. Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji kutumia neno “nunua” kwa bidhaa ya kidijitali ya namna hiyo bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni.

Kwa hiyo hoja ya wanaopenda diski ina uzito. Diski iliyo kabatini haiondolewi na mkataba uliovunjika baina ya kampuni mbili, wala haili kifurushi cha intaneti. Filamu ya saa mbili yenye ubora wa 4K katika Netflix yaweza kutumia takribani gigabaiti 14, na kila unapoirudia unalipia upya.

Hata hivyo, si kila kasha lina diski. Mwaka 2022, toleo la wakusanyaji la mchezo wa God of War Ragnarök liliuzwa likiwa na kasha la chuma la kuhifadhia diski, lakini diski yenyewe haikuwamo. Mnunuzi alipewa msimbo wa kupakulia mchezo mtandaoni. Jambo hilo lilielezwa katika tangazo, hivyo hatulitaji kama udanganyifu. Tunalitaja kwa sababu aliyetazama picha tu bila kusoma orodha ya vilivyomo angeweza kuamini kinyume chake.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Fallout 76, mchezo uliotoka Novemba 2018. Toleo lake maalumu liliuzwa kwa dola 200 za Marekani, na miongoni mwa vitu vilivyotangazwa ni begi la turubai. Wateja walipofungua makasha yao walikuta begi la nailoni. Kampuni ya Bethesda kwanza iliwapa fidia ya sarafu za ndani ya mchezo, zenye thamani ya takribani dola 5. Malalamiko yalipozidi ndipo ilipokubali kuwatumia wateja begi la turubai. Kisa hiki chaweza kuonekana kidogo, lakini kwa maoni yetu si kidogo hata kidogo: mteja aliyelipia turubai hana wajibu wa kuridhika na nailoni, wala kulipwa fidia kwa sarafu isiyotumika nje ya duka la muuzaji.

Hapa nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ugumu ni kwamba matoleo haya mengi huagizwa ng'ambo, na muuzaji aliye ng'ambo si rahisi kumfikia. Ndiyo maana tunasisitiza uchunguzi ufanyike kabla ya malipo.

Chunguza kanda kwanza. DVD zilizokusudiwa Marekani ni za kanda ya 1 na za Uingereza ni za kanda ya 2, ilhali Tanzania imo katika kanda ya 5. Deki isiyofunguliwa kwa kanda zote itazikataa. Kwa Blu-ray, Afrika na Ulaya zimo pamoja katika kanda B, na Marekani ni A. Diski za 4K hazina kanda, ila ndani ya kasha hilohilo yaweza kuwamo Blu-ray ya kawaida yenye filamu za ziada, na hiyo ikawa na kanda. Pia diski ya 4K haisomwi na deki ya Blu-ray ya kawaida.

Isidhaniwe kwamba diski ni ya milele. Machi 2025, Warner Bros. ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya mwaka 2006 na 2008 zimeharibika mapema, ikaahidi kuzibadilisha. Pale ambapo filamu husika haipatikani tena, mteja angeweza kupewa nyingine ya thamani inayolingana. Aliyetunza kasha lake bila kulifungua kwa miaka mingi huenda hajui bado kama anadai.

Maoni yetu ni kwamba toleo maalumu linastahili bei yake pale tu kazi yenyewe imo ndani, inachezeka kwa kifaa ulicho nacho bila kuomba ruhusa mtandaoni, na wewe ni mtu wa kuirudia. Kisanamu na kitabu vihesabiwe bei yake peke yake. Kama usingevinunua dukani vikiwa pekee, usivinunue kwa sababu vimefungwa pamoja na filamu.

Ukishanunua, hifadhi risiti na nakala ya tangazo lenye orodha ya vilivyomo. Rekodi kwa simu unapofungua kasha, cheza kila diski ndani ya wiki ya kwanza, na ukikuta kasoro mwandikie muuzaji mara moja, kwa maandishi.