Ng'ombe wa Akoko

Swali: Mwalimu, mbona The River and the Source imejaa ng'ombe?

Jibu: Kwa sababu mifugo hiyo inawaanika wahusika. Margaret Ogola, katika riwaya hiyo ya 1994, anamfanya Owuor Kembo, chifu wa Sakwa, akubali mahari ya ng'ombe 30 kwa Akoko, binti wa Yimbo. Hapo namwona mtu aliyekwisha kupima thamani ya mke wake. Ndiyo maana hatashangaza akikataa kuoa wa pili. Mama mkwe wa Akoko, kinyume chake, anaona hasara tupu. Shemeji Otieno ndiye wa kutazamwa zaidi: Owuor na mwanawe aliyemrithi wakishafariki, anatwaa kiti na mali ya marehemu. Akoko halii pembeni. Anafunga safari hadi Kisumu kumshtaki kwa serikali ya mkoloni.