Idi kwenye chumba cha kupanga

Wadogo zangu, Ramadhani inakwisha na nauli ya kwenda kwenu hamna. Mwenzenu wa Tanga au Lindi anayesoma hapa Kigoma atawezaje kula sikukuu nyumbani na kuwahi mtihani? Kwa treni ni zaidi ya kilometa 1,200 mpaka Dar es Salaam, na hapo bado hajafika kwao. Ndiyo maana nafurahi nikisikia mwanafunzi aliyepanga Mwanga au Gungu anasema mwaka huu wenzake watakula kwake. Fanya hivyo, mdogo wangu. Ila nisikilize kabla hujagusa hela ya ada.

Achana na pilau ya nyama. Kulisha watu kumi pilau kwa jiko moja na sufuria ya kuazima kutakuachia deni dukani, na siku yenyewe utaimalizia kwenye moshi. Uko Kigoma wewe! Watu wa Dar wakitumiwa furushi la dagaa wa huku wanapiga simu kushukuru, halafu wewe uliye jirani na Kibirizi unaona aibu kumwandalia mgeni dagaa? Pika chakula cha ziwa: migebuka wa kukaanga, dagaa wa mawese, ugali wa muhogo. Aliyetoka mbali atakikumbuka kuliko pilau, maana pilau ya mama yake hutaiweza.

Tena mwezi wenyewe uko upande wako. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi hupumzika. Idi ndogo huja mwezi ukiandama, yaani katikati ya siku za giza. Hali ya hewa ikiwa nzuri, ndizo siku za kutegemea dagaa mwaloni. Lakini usinunue samaki wabichi mapema. Huna friji, na mpaka Mufti atangaze hujui kama ni kesho au keshokutwa. Nunua visivyooza haraka mapema: unga, vitunguu, mkaa, mawese. Migebuka wafuate asubuhi ya sikukuu yenyewe, jamaa wakiwa kwenye swala au mara wakitoka.

Dagaa wakavu wachague kwa mkono. Chota kiganjani, uwasugue kidogo. Wazuri wanang'aa kama fedha na hawaachi mchanga. Waliogeuka rangi ya kahawia huenda walinyeshewa wakiwa juani, waache. Nyumbani wachambue kwenye ungo, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wanukie, kisha waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu na uwachuje. Mawese yakishapata moto tia vitunguu, kitunguu saumu, nyanya nyingi. Nyanya zikiiva na mafuta yakipanda juu ndipo uwatie dagaa, ukamulie ndimu. Usiwakoroge kwa nguvu, watakatika na kuwa uji.

Jambo jingine ninalolipendea samaki: hana maswali ya kuchinjwa. Katika kundi la chuo kuna Mwislamu, Mkatoliki, Mpentekoste, na wote watanyoosha mkono kwenye sinia moja bila mtu kumnong'oneza mwenzake. Nawe uliye Mkristo, Krismasi ikifika na ukataka kuku, mwombe rafiki yako Mwislamu akuchinjie, na pombe isikaribie sufuria wala mkeka. Mgeni asilazimike kuuliza.

Hela. Usikope, na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, usiliguse. Hilo ni la chakula cha muhula mzima. Siku unayowaalika, sema wazi kwamba mnachanga: huyu unga, yule mkaa, yule soda. Mchango si aibu hata kidogo. Aibu ni kutundika majina ya waliotoa kwenye grupu la WhatsApp, ili asiyekuwepo ajulikane. Kila darasa lina mtu anayeishi kwa mlo mmoja kwa siku, na huyo ndiye wa kualikwa kabla ya wengine. Mwambie, "Njoo mapema unisaidie kuchambua dagaa." Atakuja akiwa mwenyeji mwenzako, na hatakaa akihesabu matonge.

Mama mwenye nyumba mpe taarifa siku mbili kabla, tena uende mwenyewe, usimtume mtoto. Siku yenyewe sahani ya kwanza iliyofunikwa iende kwake, na ya pili kwa jirani mnayegawana naye ukuta, kabla wageni hawajanawa mikono. Ukifanya hivyo, hata mkikaa mpaka usiku hakuna atakayegonga mlango.

Idi kubwa ina hesabu nyingine. Huangukia siku ya kumi ya mwezi mwandamo, usiku una mwanga, na inaweza kukutana na ziwa lililofungwa. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na sikukuu ikaja katikati ya Juni. Kwa hiyo, kalenda ikionyesha Idi kubwa inakaribia miezi hiyo, nunua dagaa wakavu mwanzoni mwa Mei, waanike tena jua moja kali, wafunge kwenye ndoo yenye mfuniko, na uiweke juu ya kabati mbali na panya.